Sherlock Holmes ni mtu wa aina gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima haiba ya mpelelezi

Wapenzi wa hadithi za upelelezi hubishana juu ya mambo mawili: muuaji ni nani, na kachero mwenyewe ni mtu wa namna gani. La kwanza kitabu hulimaliza kwenye kurasa za mwisho. La pili halina mwisho, na tangu vipimo vya haiba vienee kwenye simu za kila mtu, ubishi umezidi. Haya hapa maswali yanayorudi kila mara pamoja na majibu yangu. Pale ninapochukua upande nitasema.

Kwa nini Sherlock Holmes na si mpelelezi mwingine?

Kwa sababu ushahidi ni mwingi. Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh, alimleta Holmes kwa wasomaji mwaka 1887 na akaendelea naye hadi 1927, japo katikati alimuua na ikabidi amfufue. Jumla ni riwaya 4 na hadithi fupi 56. Mtu akiandikwa kwa miaka 40 tunajua anavyokula, anavyolala, anavyokasirika na anavyoshindwa. Wapelelezi wengi wa riwaya wana kofia, tabia moja ya ajabu, basi.

Sababu nyingine ni kwamba kipaji chake kilichotwa kwa mtu aliyeishi kweli. Conan Doyle alipokuwa akisomea udaktari Edinburgh alikuwa karani wa Dakta Joseph Bell, mpasuaji aliyesifika kwa kumtazama mgonjwa anapoingia tu na kutaja kazi yake na alikotoka. Jicho la Holmes ni la Bell. Ila ule upweke, majivuno, siku za kulala kochini bila kusema neno, hayo mwandishi aliyaongeza mwenyewe, na ndiyo yanayotuleta hapa.

Ni mifumo ipi inayotumika?

Minne hutajwa zaidi. Wa kale kabisa ni wa hulka nne, uliojengwa na waganga wa Kiyunani, Hippocrates na baadaye Galen. Wa pili ni wa herufi nne, uliobuniwa Marekani na Katharine Briggs pamoja na bintiye Isabel Briggs Myers kwa kufuata kitabu cha Carl Jung wa Uswisi cha mwaka 1921. Huo ndio unaotoa zile aina 16 kama INTJ na ESFP. Kila herufi huchaguliwa kutoka jozi: I (anayejikita ndani) au E (anayeelekea watu), N (anayeona mifumo iliyofichika) au S (anayeshika vinavyoonekana), T (anayepima kwa hoja) au F (anayepima kwa hisia), J (anayependa mpangilio na ratiba) au P (anayeacha mambo wazi). Wa tatu ni enneagramu, mfumo wa aina tisa, uliosambazwa na Óscar Ichazo wa Bolivia na Claudio Naranjo wa Chile. Wa nne ni wa sifa kuu tano, ambao wanasaikolojia watafiti wanautumia zaidi kuliko mingine yote.

Nianzie wapi? Nichague aina kisha nitafute ushahidi?

Hapana, na Holmes mwenyewe angekukatalia. Katika hadithi ya mwaka 1891 anamwambia rafiki yake Watson kwamba ni kosa kubwa kujenga nadharia kabla ya kuwa na habari, maana mtu huanza kuyapinda mambo yafuate nadharia yake. Ushabiki wa aina za haiba umejaa kosa hilo. Mtu anaamua Holmes ni INTJ kwa sababu INTJ wana sifa ya kuwa na akili kali, kisha kila anachosoma kinageuka kuwa ushahidi.

Tuchukue kurasa chache tuone kazi inavyokwenda. Watson ametoka vitani Afghanistan akiwa amejeruhiwa, anatafuta mtu wa kuchangia naye nyumba London. Rafiki yake Stamford anamtajia Holmes na kumwonya: ni mtu wa sayansi kupita kiasi, anakaribia kuwa na damu baridi. Anasema Holmes anaweza kumpa rafiki yake chembe ya sumu ya mimea ili aone inavyofanya kazi, na kwa haki angeinywa yeye mwenyewe pia. Amewahi kupiga maiti kwa fimbo kwenye chumba cha kupasulia, ajue kama mwili hufanya alama baada ya kufa.

Hapo msomaji tayari amechora picha yake. Kisha wanaingia maabara ya hospitali ya St Bartholomew's, na mtu huyo wa damu baridi anaruka kutoka mezani, anakimbia kuwalaki akiwa na chupa ya majaribio mkononi, anapiga kelele kwamba amepata, amepata! Amegundua kitu kinachotambua damu tu, si kingine chochote. Anapiga makofi, uso umemng'aa kama mtoto aliyepewa kichezeo kipya. Anajidunga kidole ili apate damu ya kuonyeshea. Jaribio likifaulu anaweka mkono kifuani na kuinama, kana kwamba kuna umati unaomshangilia.

Sasa andika ulichokiona, si ulichoambiwa. Kuna furaha isiyozuilika. Kuna haja ya kusifiwa. Kuna kutojali mwili wake. Kuna mtu anayewakimbilia wageni, mmoja wao hamjui kabisa. Maneno ya Stamford ni ushahidi wa Stamford. Mwanzo wote wa Holmes umejengwa juu ya tofauti kati ya sifa aliyopewa na mtu anayetokea mlangoni, na ukiruka tofauti hiyo utampima mtu asiyekuwemo kitabuni.

Lakini karibu kila kitu tunakijua kupitia Watson. Je, hatumpimi Watson?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kati ya kazi 60, Watson anasimulia 56. Mbili zimesimuliwa na msimulizi asiye mhusika, na mbili, zote za mwaka 1926, Holmes anazisimulia mwenyewe.

Watson ni shahidi mwaminifu lakini ana mapenzi yake. Anampenda Holmes na anamwona wa ajabu. Anapenda pia kusema kwamba rafiki yake ni mashine ya kufikiri, halafu baada ya kurasa kumi anatuonyesha mashine hiyo ikitetemeka midomo. Mimi hutenganisha vitu viwili: hukumu za Watson juu ya Holmes, na matendo ambayo Watson anayaripoti. Hukumu naziweka pembeni. Matendo nayahesabu.

Holmes ni INTJ au INTP?

Swali hili ndilo linaloongoza, na jibu langu huwaudhi wengi: mimi nasema ISTP. Twende herufi kwa herufi.

Herufi ya kwanza haina ugomvi mkubwa. Katika hadithi moja ya 1891 mlango unagongwa usiku wa tufani, Watson anauliza kama ni rafiki wa Holmes, naye anajibu kwamba ukimtoa Watson hana rafiki, wala hapendi wageni. Ni I. Herufi ya tatu nayo, T, haina mjadala. Anapima kila kitu kwa hoja.

Ya pili ndiyo yenye utamu. Wanaomweka upande wa N, wa kuona mifumo iliyofichika, wanasema anaruka kutoka doa dogo hadi maisha mazima ya mtu. Kweli, anaruka. Lakini angalia anarukia kutoka wapi. Msichana anaingia asubuhi akitetemeka kwa hofu, na Holmes anamwambia amekuja na gari dogo la farasi kwa njia yenye matope, kwa sababu mkono wa kushoto wa koti lake una madoa ya tope mabichi sehemu saba. Ameandika kijitabu juu ya majivu ya aina 140 za tumbaku. Anapiga kelele kwamba anataka habari, habari, habari, maana hawezi kufyatua matofali bila udongo. Akili hii inakula vitu vya kushikika. Anatambaa sakafuni na lenzi, ananusa, anapima urefu wa hatua. Kwangu hiyo ni S, tena ya hali ya juu.

Aina ya INTP nayo naikataa kwa sababu ya jua. Katika riwaya ya kwanza Watson anagundua kwamba Holmes hajui dunia huzunguka jua. Holmes akishaambiwa anasema atajitahidi kusahau, kwa sababu haimsaidii kazini. Mtu anayependa nadharia kwa ajili ya nadharia angefurahi kulijua hilo hata kama halina faida yoyote. Holmes anataka elimu inayofanya kazi.

Herufi ya mwisho iangalie chumbani. Watson anatueleza hali ya nyumba yao ya Baker Street: sigara kubwa zimewekwa kwenye ndoo ya makaa, tumbaku imo ndani ya ncha ya kiatu cha Kiajemi, barua zisizojibiwa zimechomwa kwa kisu katikati ya rafu ya mbao iliyo juu ya meko. Siku moja Holmes akiwa kitini anachukua bastola na kuandika ukutani kwa risasi herufi V.R., kwa heshima ya Malkia Victoria. Karatasi zinarundikana miezi na miezi kila pembe, hakuna ruhusa ya kuzichoma, na huzipanga mara moja kwa mwaka au miaka miwili. Hayo si maisha ya J.

Upande wa pili una hoja nzito na ni haki nizitaje. Kumnasa Profesa Moriarty, adui yake mkubwa, kulikuwa mpango wa muda mrefu. Kujificha miaka mitatu baada ya maporomoko ya Reichenbach, alikodhaniwa amekufa, kulihitaji nidhamu. Na uzeeni, kabla ya vita vya 1914, alitumia miaka miwili akijifanya Mmarekani mwenye asili ya Ireland ili amnase jasusi wa Kijerumani. Mtu anayesema INTJ atashika hayo, na ana haki ya kuyashika. Mimi naona ni matukio machache kati ya kazi 60. Siku za kawaida za Holmes ni za kusubiri hodi, na hodi ikija anaamka hapo hapo bila ratiba.

Kwenye enneagramu ni aina ya 5, sivyo?

Wengi husema 5, mchunguzi anayejitenga ili ajue. Inakaa vizuri, lakini haitoshi. Aina ya 5 hutunza nguvu zake, hukwepa kuchoshwa na dunia. Holmes huzitupa nguvu zake ovyo: anapigana ngumi, anavaa vazi la mzee au la mtunza farasi na kuzurura mitaani, anashinda siku nzima bila kula akiwa na kesi. Hofu yake ni kukosa kazi. Mwanzoni mwa riwaya ya pili, ya 1890, anajidunga kokeini ya asilimia saba na kujitetea kwamba akili yake inaasi ikikwama. Apewe matatizo, apewe kazi, na hatahitaji vichocheo hivyo. Hofu ya kukaa bila jambo la kusisimua ni alama ya aina ya 7, mtu anayekimbilia mambo mapya. Anayependa mfumo huu na afuatilie mvutano wa 5 na 7, kuna mengi ya kuchimba huko.

Na hulka nne?

Huu mfumo una historia ndefu kwetu pia, kwani tiba ya Kiyunani ilipitia kwa matabibu wa Kiarabu na Kiajemi na fikra za damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Siku hizi vijana wengi hukutana nao kwenye semina za ndoa na uongozi kwa majina ya sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Holmes ni melankoli, mwenye huzuni, akiwa hana kazi, na koleriki, mwenye msukumo na hasira, akiwa nayo. Zaidi ya hapo mfumo hautuambii jambo jipya.

Sifa kuu tano zinamsoma vipi?

Hapa ndipo Holmes anapofunguka, kwa sababu mfumo huu hauulizi uko upande gani; unauliza una kiasi gani. Tena kila sifa kubwa hugawanyika. Katika dodoso lililoandaliwa na Paul Costa na Robert McCrae kila moja ya tano ina vipengele 6, jumla 30. Holmes ni mtu wa vipengele.

Uwazi wa kupokea mapya: juu sana kwenye sanaa na mawazo. Anapiga fidla, anakwenda kusikiliza muziki katikati ya kesi, anamnukuu Hafiz mshairi wa Uajemi, anaandika utafiti juu ya nyimbo za Lassus, mtunzi wa karne ya 16.

Umakini na utaratibu ndio unaowachanganya watu. Kazini hakuna anayemfikia kwa bidii na kwa kumaliza alichoanza. Nyumbani ni fujo. Na bado mwili wake ni msafi mno. Watson anataja usafi wake wa paka, hata anapoishi kwenye kibanda cha mawe huko Dartmoor kola yake inabaki safi. Ukimpa alama moja ya umakini utapata wastani usiomwelezea mtu yeyote. Ukivitenga vipengele, bidii juu na mpangilio wa vitu chini, unamwona.

Uchangamfu: kupenda kukaa na watu ni chini, lakini kujiamini na kuamuru ni juu. Anapokuwa na hadhira ni mwigizaji. Anapenda kufichua siri kwa kishindo, na Watson anasema jukwaa la maigizo lilipoteza mtu siku Holmes alipochagua uhalifu. Ukumbuke alivyoinama maabara.

Upole kwa watu: ulimi wake ni mkali, hasa kwa polisi wa Scotland Yard na kwa Watson anapokosea. Lakini huruma ipo. Yule msichana mwenye madoa ya tope anatulizwa kwa kupapaswa mkono kabla ya swali lolote. Kwenye hadithi ya kito cha buluu, ya mwaka 1892, mwizi anapopiga magoti akilia, Holmes anamfungulia mlango aende zake, kwa kuwa ni msimu wa Krismasi na anaamini jela itamgeuza mhalifu wa maisha. Mwaka 1904 anamfanya Watson kuwa baraza la wazee wa mahakama papo hapo sebuleni ili wamwachie huru baharia aliyeua mume katili. Adabu chini, huruma juu.

Kuyumba kwa hisia: kwenye hatari ametulia kabisa, bila kazi anazama. Walipokuwa wakiambiana kasoro zao kabla ya kuhamia nyumba moja, Holmes alisema wazi kwamba huwa anaingiwa na unyonge na kukaa siku kadhaa bila kufungua kinywa, na akaomba aachwe tu, atarudi sawa.

Nikilazimishwa kuchagua mfumo mmoja wa kumfanyia kazi, ni huu.

Si kweli kwamba Holmes hana hisia, au kwamba ana ugonjwa wa akili?

Wazo la kwamba yeye ni mtu asiyejali wenzake lilienea sana baada ya tamthilia ya televisheni ya Uingereza iliyoanza 2010, ambamo mhusika anajiita hivyo. Kwenye maandishi ya Conan Doyle halimo, na matendo yanalikana.

Soma tukio moja la katikati ya miaka ya 1920. Holmes na Watson wamemkabili mhalifu ndani ya chumba. Mtu yule anachomoa bastola na kufyatua mara mbili, na Watson anahisi moto kwenye paja. Holmes anampiga yule mtu kichwani kwa bastola yake, kisha mikono yake inamzunguka Watson na kumkalisha kitini. Anamsihi kwa jina la Mungu aseme kwamba hakuumia. Anaichana suruali kwa kisu cha mfukoni, anaona ni mkwaruzo, anapumua. Kisha anamgeukia mfungwa na kumwambia kwamba lau angemuua Watson asingetoka chumba kile akiwa hai. Watson anaandika kwamba macho yale makali yaliingia ukungu, midomo ikatetemeka, na kwamba jeraha lile, na mengine mengi, yangekuwa bei ya haki kwa kujua mapenzi yaliyokuwa nyuma ya uso ule baridi.

Kuhusu kumpa Holmes jina la hali ya kitabibu, usonji kwa mfano, naelewa kwa nini baadhi ya wasomaji wenye hali hiyo hujiona ndani yake, na hilo nalithamini. Ila uchunguzi wa kitabibu ni wa mtu hai anayehitaji msaada, akiwa mbele ya mtaalamu. Mhusika wa riwaya hawezi kuulizwa swali la pili.

Je, haiba yake inabaki ileile miaka yote 40?

Hapana, na hili huharibu vipimo vingi. Katika riwaya ya kwanza Watson anaorodhesha elimu ya Holmes: fasihi sifuri, falsafa sifuri, astronomia sifuri, siasa hafifu, kemia kubwa. Ndani ya miaka michache mtu huyohuyo anawanukuu waandishi Goethe na Flaubert. Wapo wanaosema alikuwa akimtania Watson. Mimi naona mwandishi alibadilisha nia: mwaka 1887 alikuwa anaunda chombo cha kufikiri, na alipojua kwamba atakaa naye muda mrefu akampa utu. Kokeini nayo inafifia kadiri miaka inavyokwenda. Mwishoni Holmes yuko Sussex, anafuga nyuki. Ukitaja aina, taja na mwaka.

Kaka yake Mycroft anatusaidia nini?

Sana, kwa sababu ni kama jaribio la kulinganisha. Anatokea mwaka 1893. Holmes anasema kaka yake ana jicho na hoja kuliko yeye, na kweli wanapokaa dirishani wakishindana kumsoma askari mstaafu anayepita, Mycroft ndiye anayemsahihisha mdogo wake. Lakini hana hamu wala nguvu. Hatainuka kitini kuhakikisha jibu lake. Ni mwanachama wa Diogenes Club, ambako kuzungumza ni marufuku isipokuwa kwenye chumba cha wageni.

Ndugu wawili, akili ileile, maisha tofauti kabisa. Kwa hiyo akili haitoshi kueleza Holmes ni nani. Kinachobaki ukiiondoa akili ni kiu ya kutenda, na mfumo wowote unaompa yeye na kaka yake jina moja umekosa jambo kubwa.

Mifumo hii ni sayansi kweli?

Hailingani kwa hilo. Ule wa sifa tano umejengwa juu ya takwimu za miaka mingi. Ule wa herufi nne hugawa watu makundi mawili mahali ambapo wengi wako katikati, ndiyo maana mtu akirudia kipimo anaweza kupata herufi nyingine. Enneagramu ina ushahidi haba.

Kuna jaribio ambalo kila mpenzi wa mambo haya anapaswa kulijua. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha akampa kila mmoja maelezo ya haiba yake, wayapime usahihi kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyookotwa kwenye kitabu cha unajimu. Jaribu hili kwa Holmes: soma maelezo ya aina ambayo huamini ni yake. Ukiona yanamkaa vilevile, tatizo liko kwenye maelezo.

Hata hivyo sioni kwamba mifumo hii haina nafasi kwenye fasihi. Isabel Briggs Myers mwenyewe, kabla ya kuunda kipimo chake, alikuwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi iliyoshinda shindano mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuwaza watu kwa aina na kuwabuni washukiwa chumbani ni kazi zinazokaribiana: mtu huyu angefanya nini, na yule asingefanya nini?

Naweza kumfanyia hivi Bwana Msa?

Unaweza, na natamani watu wengi wafanye. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake Bwana Msa katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, na wachambuzi wameshaonyesha undugu wake na Holmes: kiko mdomoni, na Najum ubavuni akishika nafasi ya Watson. Katika kisa hicho cha kwanza mwili unakutwa kwenye mzimu, watu wanaogopa, naye anashikilia kwamba muuaji ni binadamu.

Usimpe tu aina ya Holmes kwa sababu ya kiko. Mazingira yanabadilisha maana ya ushahidi. Katika nyumba ya kupanga London mtu anaweza kukataa wageni na ikawa tabia yake binafsi. Unguja, penye ujamaa, ndoa, urithi na majirani, asiyekaa na watu hapati habari. Kwa hiyo Bwana Msa akiongea na watu wengi, hilo halithibitishi peke yake kwamba ni mchangamfu. Huenda ni mahitaji ya kazi. Tafuta anachofanya pale ambapo hakulazimika.

Nikitaka kujaribu mwenyewe nianze na hadithi ipi?

Anza na ile ya 1893 yenye uso wa manjano dirishani. Holmes anajenga maelezo yenye nguvu na yote yanakuwa si kweli. Angalia anavyolipokea hilo: hajitetei, wala halaumu mtu, anamwomba Watson amnong'oneze jina la kijiji kile, Norbury, siku yoyote atakapoona anajiamini kupita kiasi. Pima hapo majivuno yake, na utaona alama yako inashuka.

Kisha soma mojawapo ya zile mbili za 1926 anazosimulia mwenyewe. Katika ya kwanza, Holmes, aliyekuwa akimlaumu Watson miaka yote kwa kupamba visa, anakiri kwamba akishika kalamu anaona kweli lazima habari ziandikwe zimvutie msomaji. Weka orodha yako ya matendo uliyoiandika ukimsoma Watson kando ya kurasa hizo, na uweke alama kwenye kila kipengele ambacho Holmes anakithibitisha akiwa peke yake.